Kuni za Mama Mkwe

Ukiambiwa una kifua kikuu, wa kwanza atakayekuonea huruma atakuletea maziwa, na wa pili atahamisha mkeka wake. Nakueleza mapema usije ukashangaa kama nilivyoshangaa mimi. Maziwa yanywe. Mkeka uache uende. Mimi nimepona, nina wajukuu sasa, na ingawa sikio langu moja halisikii vizuri kwa sababu ya zile sindano, mdomo wangu ni mzima. Kwa hiyo nitasema, na nitasema hata yale ambayo nimeyafunga moyoni miaka yote hii kwa ajili ya marehemu mama mkwe wangu.

Mimi ni mtoto wa ziwani, kule Nyasa, ambako ugali ni wa muhogo na mboga ni usipa, vile visamaki vidogo vya ziwa letu. Niliolewa na Mmatengo jina lake Kosmas, mpima mizani wa ushirika pale Kitai. Ilikuwa miaka ile ya kuhamia vijiji vya ujamaa, na nyumba kadhaa za ukoo wao zilikuwa zimeshuka kutoka Mkumbi, milimani, kuja kujenga pamoja Kitai kando ya barabara. Baba mkwe alikwishafariki. Mkubwa wa ukoo alikuwa kaka yake, Baba Mkubwa Teofil, mzee mkavu asiyepandisha sauti hata siku moja, maana hakuwa na haja. Mama mkwe, Mama Kosmas, tulikaa naye nyumba moja. Kahawa yake aliiacha Mkumbi mikononi mwa mdogo wake, Skolastika, na kila mvua ikinyesha alikuwa akisema, "Sijui huko wamepalilia?" Mimi mkwewe wa kutoka ziwani alinitania tangu siku ya kwanza: "Ninyi mnakula samaki na macho yake. Anakutazama, na wewe unatafuna!"

Ugonjwa ulinianza wakati wa kuchuma kahawa. Tulipanda Mkumbi mimi na Mama kumsaidia Skolastika, na nilikuwa nimembeba mgongoni mwanangu Frida, ndiyo kwanza ameanza kutamka maneno mawili matatu. Nilikuwa nakohoa kwa majuma mengi. Nikasema ni baridi tu, maana mtu wa ziwani ukimpandisha kule juu meno hugongana mpaka adhuhuri. Siku moja katikati ya mibuni kikohozi kikanishika, nikainama, na nilipojifuta nikaona damu kwenye pindo la khanga. Nikalikunja haraka. Mama akaliacha pakacha lake la kahawa, akaja, akanishika mkono na kulikunjua lile pindo. Akamfungua Frida mgongoni mwangu, akamkabidhi Skolastika, na sisi wawili tukashika njia ya Mbinga, hospitali.

Sikujua kwamba asubuhi ile nilikuwa nimemnyonyesha mwanangu kwa mara ya mwisho.

Nilipimwa, nikalazwa. Wodi yetu ilikuwa pembeni kabisa, karibu na miti, na wageni walisimama nje ya dirisha kana kwamba ndani kuna nyuki. Bwana Mganga alikuwa mtu wa Tanga, Mwislamu, mrefu, mwenye miwani na Kiswahili kitamu mpaka wagonjwa wa Kimatengo walikuwa wakimwitikia hata wasipomwelewa. Akaagiza watu wote wa nyumbani wapimwe. Kosmas akaja siku yake, akapimwa, akaonekana hana kitu. Mama alipimwa nikiwa palepale. Bwana Mganga akaweka kipimo mgongoni kwake, akasikiliza, wakampiga picha, akarudi anacheka: "Mama, kifua chako kama cha msichana." Jamani! Mama alitembea na maneno yale mwaka mzima. Lakini hakuwa mtu wa kujisifu mbele za watu, alijisifia kwangu tu. Nikilalamika kuchoka, "Pole, mwanangu. Mimi mwenye kifua cha msichana nitakubebea."

Frida alikuwa mzima, lakini Bwana Mganga akasema abaki Mkumbi mpaka mimi nipone. Maziwa yakanijaa, yakauma, yakakauka. Mwili ukaisha. Khanga iliyokuwa ikinizunguka mara moja ikanizunguka mara mbili na ncha ikabaki. Nywele zilitoka na kitana. Nilikuwa na vidonge vikubwa vyeupe ambavyo kuvimeza ni kama kumeza kifungo cha koti, na sindano kila asubuhi, za nyama, mpaka sikujua nilalie upande gani. Masikio yakaanza kulia nziii, na hili moja halijanyamaza hadi leo.

Kahawa ilipomaliza kuchumwa nikaruhusiwa kwenda nyumbani Kitai, kwa sharti la kurudi kwa sindano Jumatatu na Alhamisi, maana zahanati ya karibu haikuwa na dawa ile. Nilishuka kwenye basi nikiwa nimejipamba. Nilijua watafurahi.

Hapa inabidi nieleze kidogo desturi ya kule. Wamatengo hawali kila mtu kwake. Wanaume wa ukoo wana sengu yao, mahali kwa mkubwa wanapokutana kula, kila mke akipeleka chakula alichopika, na huku wanakula wanaongea mambo yote ya ukoo na kuyaamua. Wanawake na watoto nao hula kwa pamoja upande wao, sahani moja kubwa katikati. Ukiona mtu anakula peke yake, ujue ana kesi. Ameiba au ametukana wakubwa, au pengine anatuhumiwa uchawi.

Jioni ile Kosmas akarudi kutoka sengu, akasimama mlangoni, hakai.

"Baba Mkubwa amesema utakula peke yako."

"Sawa."

"Na amesema kama akiugua mwingine humu ndani, utarudi kwenu ziwani ukaugulie huko. Mtoto atabaki. Mtoto ni wa ukoo."

Nikamtazama. "Na wewe umesema nini?"

"Nimesema nimesikia."

"Umesikia! Kosmas, hata mbuzi anasikia!"

Akaenda kulala kwa ndugu yake. Sikumchukia, ila niliumia, na wewe unayeugua utaumia vivyo hivyo siku mwenzio atakapokosa la kusema. Wengi si wabaya. Wanaogopa tu, na hawajui waiweke wapi hofu yao.

Kesho yake mchana wanawake walipokaa kula, nikachukua kisahani changu nikaenda kukaa chini ya ukuta, kama nilivyoamriwa. Mama Kosmas akanyanyuka. Alikuwa mzito kidogo, goti moja likimsumbua. Akaja akasimama mbele yangu.

"Kwetu anayekula peke yake ana kesi. Wewe una kesi gani?"

"Sina, mama."

"Basi sogea."

Akakaa pale chini ya ukuta, akamega ugali kwenye kisahani changu. Tangu siku ile tulikula pamoja, sisi wawili, sahani yetu moja. Na akalala chumba kimoja na mimi, moto ukiwaka katikati, kwa sababu alisema mgonjwa hawezi kuachiwa moto uzime. Bwana Mganga alikuwa ametuagiza madirisha yawe wazi usiku na mchana. Mama akayafunga. "Yule ni mtu wa Tanga," akasema, "anajua nini habari ya baridi?" Nami nilikuwa nasikia baridi kweli, nikashukuru.

Sahani haikuwa na neno. Bwana Mganga alinieleza baadaye kwamba si sahani, ni ile pumzi ya chumba kilichofungwa. Nimeandika sentensi hii kwa ajili yako. Fungua dirisha, hata anayekupenda akikukatalia.

Basi ikawa Jumatatu na Alhamisi tunapanda basi la kutoka Songea, mimi na Mama, maana mwanamke mgonjwa hawezi kusafiri bila mtu wa kumsindikiza, na aliyejitolea alikuwa yeye peke yake. Tunafika Mbinga, tunakaa kwenye benchi. Ewe benchi la hospitali! Nalijua kila fundo la mbao yake. Watu wa benchi lile walikuwa wakitazamana kuona nani amenenepa. Kulikuwa na mwalimu mmoja kutoka pande za Tingi ambaye kila akija alinisalimu kwa kidole, akionyesha shavu langu: limepanda, au limeshuka. Halafu Alhamisi moja hakuja, wala Jumatatu, na hakuna aliyeuliza. Tulisogea tu kuziba nafasi.

Kahawa ilipochanua, milima ya Mbinga yote ikawa inanukia, Bwana Mganga akaniambia, "Mama Frida, dawa inafanya kazi yake. Lakini mapafu yako yamelala. Yaamshe. Kila ukija sindano, kabla ya basi la kurudi, tembea msituni."

"Nikatafute nini?"

"Usitafute kitu. Tembea tu, upande mlima. Siku utakayofika kwenye jiwe lile la juu bila kukaa chini njiani, na makohozi yakiwa safi, utakwenda kumchukua mwanao."

Msitu aliousema unaanza pale mji unapoishia, barabara ya kuja Kitai inaupitia ubavuni. Chini kuna mikaratusi iliyopandwa na serikali, juu miombo na misuku, kijito kinakatiza katikati, halafu njia inapanda, inapanda, mpaka kwenye jiwe kubwa jeusi. Yeye mwenyewe Jumapili alikuwa akienda huko na kaptula na fimbo. Mji mzima ulikuwa ukimsikitikia. Mtu wa serikali, hana bunduki wala shoka, anaingia msituni na kutoka mikono mitupu! Wengine walisema amerogwa na mke aliyemwacha Tanga.

Siku ya kwanza sikufika hata kwenye kijito. Miguu ilikuwa ikitetemeka kama ya ndama. Tulikuwa tumesimama kwenye mikaratusi, mimi nimekumbatia mti ili nipate pumzi, akatokea mgambo na kofia yake ya kijani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akasema Mama.

"Mama, hizi ni saa za kazi. Wenzenu wako mashambani. Mnafanya nini huku?"

"Tunatembea."

"Mnakwenda wapi?"

"Hatuendi mahali. Tunatembea."

Yule kijana akafikiri. Nilimwona anafikiri. Siku zile uzururaji ulikuwa jambo kubwa, kila mkutano uliusema. "Kutembea tu ndiyo nini?" akauliza, na kwa kweli swali lilikuwa la haki, maana hata sisi hatukujua.

Mama akainama, akaokota kijiti kimoja kikavu, akamwinulia usoni. "Mwanangu, huoni tunaokota kuni?"

Lo! Nilicheka mpaka nikakohoa. Ndicho kicheko changu cha kwanza tangu Mkumbi. Mgambo akaenda zake. Lakini Mama hakucheka. Lilikuwa limemchoma, yeye mwanamke wa kazi, kukutwa msituni mikono mitupu kama mlevi. Tangu siku ile hakutoka kwenye msitu ule bila mzigo wa kuni kavu kichwani. Mimi napanda polepole, yeye anaokota huku na huku, anafunga kwa kamba ya gome, na tunashuka kungoja basi pale barabarani. Konda alikwishatuzoea. "Wa msituni!" anapiga kelele, halafu akiona mzigo analalamika.

"Mama, hivi Kitai hakuna miti?"

"Ipo, lakini moto wake mfupi. Weka juu, usizivunje."

Hivyo ndivyo nilivyopona, kama unataka kujua. Sindano, halafu mlima, halafu kuni juu ya basi. Mvua za kwanza zilipoanza, nilifika kwenye kijito. Uyoga ulipoota nilikuwa nimekivuka. Masuku yalipoiva tulikaa chini ya msuku, tukala mpaka vidole vikanata, Mama akiniuliza habari za ziwani kwetu, ambako hajawahi kufika. Je, ni kweli upande wa pili hauonekani? Watu wanalalaje na kelele za maji? Akanipa ahadi: "Ukifika juu kwenye jiwe utaliona. Utaona kwenu." Na yeye alikuwa hajafika kwenye jiwe wala hana habari nalo. Goti lilimkataza. Lakini alisema kwa uhakika hata nikaamini, na kila hatua ya mlima ule nilipanda kwa ajili ya Frida na kwa ajili ya ziwa.

Mvua zilipokolea, barabara ikawa tope, na mara nyingine basi lilitulaza njiani. Mimi nikawa na nguvu. Khanga ikarudi kuzunguka mara moja na nusu. Nikaanza kumtangulia Mama. Yeye akawa anabaki nyuma, anaweka mzigo chini, anaufungua, anaufunga tena. Nikigeuka ananipungia mkono: "Nenda, hii kamba mbaya." Mzigo ukawa mdogo. Nikasema moyoni, masikini, ananipunguzia mwendo nisichoke, ananisubiri. Nikampenda zaidi. Alikuwa akikohoa kidogo, lakini kwa moshi wa chumba kile nani hakukohoa? Akawa haniachii nifue khanga zake. Chakula akawa ananisukumia upande wangu. "Kula, wewe ndiye unayejenga."

Wakati wa Kwaresima Bwana Mganga akasema makohozi yangu ni safi. Kilichobaki ni jiwe.

Alhamisi hiyo mvua ilikuwa imepumzika na msitu wote ulikuwa unatoa mvuke. Mama aliniacha kwenye kijito. "Mimi nitaokota hapahapa. Panda. Usikae chini, hata kidogo. Bwana Mganga akiniuliza, nisije nikasema uongo." Nikapanda. Moyo ulikuwa ukinipiga mpaka masikioni, lile sikio bovu lote likawa ngoma. Nikashika mizizi, nikashika majani, nikasimama mara nyingi, lakini kukaa, la. Nikamtaja Frida, nikamtaja tena. Halafu hakukuwa na mahali pengine pa kupanda. Mkono wangu ulikuwa juu ya jiwe, lina joto la jua.

Nikatafuta ziwa. Kulikuwa na milima, na nyuma ya milima ile milima mingine, na mashimo ya ngolo yamepangwa kwenye miteremko kama Wamatengo wanavyolima, na moshi wa nyumba za watu. Ziwa halikuwepo.

Kutoka chini kabisa nikasikia sauti yake, nyembamba: "Umefika?"

"Nimefika!"

"Unaliona?"

"Naliona, mama! Naliona!"

Nilishuka nakimbia, jambo ambalo mwenye akili hafanyi. Nilimkuta amekaa juu ya mzigo wa kuni, mgongo umeegemea mti, hakunyanyuka kunipokea. Alikuwa akitabasamu. Kisha kikohozi kikamkamata, kile kikohozi ambacho mimi ningekitambua hata kwenye kundi la watu elfu, na alipomaliza akakunja pindo la khanga yake haraka. Nikamshika mkono. Nikalikunjua.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu masuku."

"Tangu masuku! Na kila wiki mara mbili tuko hospitali, tumekaa kwenye benchi na Bwana Mganga yuko mlangoni! Kwa nini hukusema?"

Alinitazama kama anamtazama mtu mjinga. "Ningesema, wangekurudisha ziwani. Si Teofil alikwishaamua? Frida angekua bila mama, na mama yake yu hai. Nilitaka ulifikie jiwe kwanza."

Nililia pale kwenye kijito. Sikulia vile hata siku nilipoona damu yangu mwenyewe. Akaniacha nilie, halafu akasema, "Haya, basi litatuacha. Na usiache kuni." Nikaubeba ule mzigo kichwani, mzigo wangu wa kwanza tangu niugue, na yeye akaniegemea begani. Basi tuliliacha likaenda Kitai bila sisi. Tulirudi hospitali.

Akalazwa wodi ileile ya pembeni. Mimi sasa ndiye niliyekuwa nikilala chini ya kitanda, nikimwosha, nikimmezesha vile vidonge vikubwa. Akavitukana kila kimoja. Lakini alikuwa amechelewa, na mwili wa mtu mzima si mwili wa kijana. Pasaka ikapita. Baridi ikaingia. Tulipoanza kuona watu wa shamba wanapita barabarani na magunia ya kahawa, Bwana Mganga akanivuta pembeni, akaniambia niwaite wenyewe.

Wakaja, Kosmas na Baba Mkubwa Teofil. Kosmas akapiga magoti kando ya kitanda. Baba Mkubwa akabaki amesimama, kofia mkononi, na nilimwona ananitazama mimi. Nilijua anafikiri nini. Alikuwa amesema, akiugua mwingine. Na sasa ameugua mwingine, tena nani! Nikawaza, safari yangu ya ziwani ndiyo hii. Nitamwona Frida kwa mbali akipita njiani kwa miguu yake, na hatanijua.

Mama akafungua macho. Sauti ilikuwa imebaki kidogo.

"Teofil, shemeji yangu."

"Naam."

"Kikohozi hiki ni changu. Nilikuwa nacho kabla huyu hajaugua. Nilikificha. Mimi ndiye niliyemwambukiza mkwe wangu. Msije mkamwonea."

Bwana Mganga alikuwa amesimama miguuni pa kitanda. Ni yeye aliyempima, ni yeye aliyesema kifua cha msichana. Mama akamgeuzia macho, akamkazia. Bwana Mganga akavua miwani, akaifuta kwa koti lake, akaifuta na kuifuta, na hakusema neno.

"Mama," nikaanza.

"Nyamaza. Wakubwa wanaongea."

Baba Mkubwa akavuta pumzi. "Kumbe," akasema. Halafu akanigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu niugue akaniita mwanangu. "Pole, mwanangu."

Walipotoka nikamwinamia. "Mama, umesema uongo."

"Padre anakuja Jumapili, nitamweleza. Ni wangu na padre. Wewe usiniharibie."

Padre alikuja Jumapili, wakazungumza mlango umefungwa. Jumanne asubuhi, jua likiwa limefika kwenye blanketi lake, Mama Kosmas akafariki mkono wake umo ndani ya mkono wangu. Nilipokwenda kumshukuru Bwana Mganga, nikitaka kuuliza na nikiogopa kuuliza, akanitangulia. "Mama Frida, nimepima vifua vingi sana. Vingine nimevisahau."

Tulimzika Mkumbi, kwenye kahawa yake. Msibani wanawake walipokaa kula nikachukua kisahani changu nikaelekea ukutani, kwa mazoea. Skolastika akaniita. Wanawake wote wakasogea, wakanitengea nafasi kwenye sahani kubwa. Na kila mmoja alikuwa na neno la kunifariji. "Pole, Mama Frida. Kuambukizwa na mama mkwe, jamani! Na kuficha vile! Mtu mzima hovyo." Nikamega ugali. Ulikuwa kama udongo mdomoni. Nilitaka kusimama nipige kelele niwaambie watu wale walikuwa wakimsengenya mtu gani. Lakini Frida alikuwa amekaa mapajani mwa Skolastika, ananitazama kwa mashaka, hanijui, na ningesema neno moja angebaki pale. Nikameza.

Alilia nilipomchukua. Kwa siku nyingi alinikwepa, akimtaka Skolastika, na usiku akiuliza bibi yuko wapi. Akazoea. Watoto huzoea, wala usikate tamaa. Kosmas alirudi chumbani na kufungua dirisha kwa mkono wake mwenyewe. Alinizalia wengine wanne, au tuseme nilimzalia. Hatukuongea kamwe habari ya siku ile kitandani kwa mama yake, na sijui kama alijua ukweli.

Lakini jina la Mama likabaki hivyo. Miaka na miaka, mtu akikohoa na kukataa kupimwa, watu wa ukoo wanasema, "Usiwe kama Mama Kosmas, aliyemwambukiza mkwewe." Wanamfanya mfano. Hata Frida, mwanangu mwenyewe, amekua akisikia hivyo, na siku moja akawaambia watoto wake hivyo mbele yangu. Nikaona sasa imetosha. Baba Mkubwa Teofil amekwenda, Kosmas amekwenda, Skolastika amekwenda. Hakuna tena wa kunirudisha ziwani.

Tukapanda basi mimi na Frida mpaka pale msitu unapoanza, tukashuka. Mikaratusi imekatwa na kupandwa upya. Nilifika kwenye kijito tu, na pale nikamweleza yote. Akaniuliza, "Kwa hiyo mama, pale juu ziwa halionekani?" Nikamwambia halionekani. Akalia. Tulipokuwa tunashuka nilimwona anainama, anaokota kijiti kikavu, na kingine.

Wewe uliye kwenye benchi sasa, meza dawa mpaka mwisho, fungua dirisha, tembea hata kama watu wanacheka. Na mtazame anayekusindikiza. Akianza kubaki nyuma, usidhani anakusubiri. Mshike mkono umpeleke ndani akapimwe, hata akikuambia ni kamba ya mzigo.

Na kwa watu wa ukoo wetu mtakaosoma: Mama Kosmas hakuniambukiza. Mimi ndiye niliyeingia na ugonjwa ule nyumbani kwake, na siku nilipolazwa kifua chake kilikuwa safi. Nilikuwepo wakimpima.